Maswali Yenu: Kuchunguza Afya ya Vijana wa Mjini Pamoja na Wenye Mtaa

Barua nyingi za toleo hili zimegusa jambo moja: utafiti shirikishi wa afya ya vijana balehe mijini, yaani ule ambao chuo au hospitali huufanya pamoja na wakazi wenyewe. Tukisema vijana balehe tunafuata umri wa Shirika la Afya Duniani, miaka 10 hadi 19. Ni vizuri kulisema hilo mapema. Kwa Umoja wa Mataifa kijana ni wa miaka 15 hadi 24, kwa Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 anafika 35, na kamati inaweza kujadili “vijana” miezi mitatu huku kila mjumbe ana watu wengine kichwani.

Chuo kimetuletea andiko la mradi wa kuchunguza msongo wa mawazo kwa vijana wa mtaa wetu. Wanataka barua ya kuwaunga mkono ndani ya siku 5, kabla maombi ya fedha hayajafungwa. Kukubali tunaogopa, kukataa tunaogopa. (Mratibu wa kikundi cha vijana)

Siku 5 zinatosha kujua kama mmeitwa muwe wabia au mhuri. Ombeni vitu viwili: bajeti nzima, si muhtasari wake, na orodha ya maamuzi ambayo bado hayajafanywa. Kama swali la utafiti, umri wa washiriki, hojaji na mgawanyo wa fedha vyote vimekwisha kufungwa, mlichobakiziwa ni kuwatafutia watu wa kuhojiwa. Hiyo ni kazi halali na ilipwe kama kazi, ila isiitwe ubia. Barbara Israel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walipoandika mwaka 1998 kanuni ambazo hadi leo hurejelewa sana, walitaka jamii iwemo katika hatua zote, tangu kulichagua tatizo. Hatua ya kwanza ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa sababu hufanyika kabla fedha hazijapatikana, na hakuna anayelipwa kwa ajili yake.

Kwenye bajeti angalieni mambo manne. Kwanza, kikundi chenu kimetajwa kwa jina na kiasi, au kimefichwa ndani ya “gharama za mafunzo”? Pili, mtalipwa kabla ya kazi au mtarejeshewa baada ya stakabadhi? Mfumo wa kurejeshewa huua vikundi vidogo: kikundi kisicho na akiba hulazimika kukopa ili kiufanyie kazi mradi wenye fedha. Dai malipo ya awali ya miezi mitatu, mlete hesabu, ndipo awamu nyingine itoke. Tatu, chuo kinajikatia fungu la uendeshaji wa ofisi zake. Nanyi mna pango, umeme na mtu wa kushika vitabu, kwa hiyo fungu hilo liwe la pande zote. Nne, tafuteni fedha za miezi inayofuata matokeo. Karibu kila mara hazipo, maana saa ya mradi husimama ripoti ikishawasilishwa, na kwa mtaa kazi ndiyo kwanza inaanza.

Muda ukiwa umewabana, andikeni barua yenye masharti: tutashiriki iwapo hojaji itapitiwa na kamati yetu kabla ya kwenda kwenye kamati ya maadili, iwapo malipo yatatangulia, na iwapo hati ya makubaliano itasainiwa kabla ya mtu wa kwanza kuhojiwa. Mfadhili makini huiamini barua hiyo kuliko barua nne za washirika tofauti zenye maneno yaleyale. Hati yenyewe iseme nani anaamua nini, takwimu zinakaa wapi, nani anachapisha, na jinsi ya kuachana. Hicho cha mwisho watu huona aibu kukiandika, na ndicho kinachotafutwa siku mtafiti mkuu anapohamia chuo kingine na takwimu zake.

Wazee wa mtaa wanasema wamehojiwa mara nyingi na hawajawahi kuona jibu. Tuwaeleze nini? (Mtafiti, chuo kikuu)

Msiwaeleze, walipeni. Deni lao ni majibu. Kabla hamjaomba chochote, tafuteni ripoti za tafiti zilizopita hapo mtaani, hata kama si zenu, mzifupishe kila moja kwa ukurasa mmoja, mkae nazo na wazee mzisome pamoja. Kazi ya wiki mbili hivi, na mara nyingine inaonyesha kwamba swali lenu lilikwisha kujibiwa.

Shaka ya watu ina historia yake. Huko Tuskegee, Marekani, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 tangu 1932 hadi 1972. Karibu 400 kati yao walikuwa na kaswende na hawakutibiwa, hata penisilini ilipokuwa imeshakuwa dawa ya kawaida. Kanuni nyingi za maadili tunazozifuata, pamoja na Ripoti ya Belmont ya 1979, zilizaliwa na kashfa hiyo. Kwa hiyo anayeuliza “damu yetu mnapeleka wapi?” anauliza swali la kitaalamu. Mjibuni kwa vitu vinavyoshikika: namba ya simu ya kamati ya maadili, jina la mwenye mamlaka ya kusimamisha utafiti, na tarehe ya mkutano wa kurudisha matokeo iliyobandikwa ukutani tangu siku ya kwanza.

Tahadhari moja. Wazee ndio mlango, lakini nyumba ina watu wengine. Mjini mtaa mmoja hubeba wenye nyumba, wapangaji, wageni wa mwezi uliopita na vijana waliokuja peke yao kutafuta kazi. Baraza la wenye nyumba likikubali, wapangaji bado hawajaulizwa.

Kamati yetu ya ushauri ina wajumbe 13, wawili ni vijana. Hawasemi neno. Tuwape mafunzo ya kujiamini? (Msimamizi wa mradi)

Hapana. Badilisheni kikao. Vijana wawili kati ya watu 13 wangenyamaza hata wangekuwa mawakili. Wafike angalau theluthi, yaani watano kwa kamati yenu, wa kike na wa kiume, walio shuleni na wasio shuleni. Dakika 45 kabla ya kikao wakae peke yao na mtu mmoja wa kuwapitisha kwenye ajenda. Ndani ya kikao waanze wao kusema kwa kila ajenda. Daktari akishatoa rai yake, hakuna kijana atakayempinga. Kikao kisiwe saa za masomo. Nauli itolewe kabla ya safari, na posho iwe sawa na ya mtu mzima mwenye kiti kama chake.

Mtafiti Roger Hart aliandika kwa UNICEF mwaka 1992 kuhusu ngazi ya ushiriki wa watoto yenye vidato 8, na vitatu vya chini alikataa kuviita ushiriki: mtoto anapotumiwa, anapowekwa kama pambo, na anapoitwa ili ionekane tu kwamba yupo. Kamati yenye vijana wawili walio kimya iko hapo.

Kingine kinachosahaulika: vijana wanakua. Mradi wa miaka minne ulioanza na mjumbe wa miaka 17 utamalizika akiwa na 21, amehama au ana mtoto. Ingizeni wapya kila mwaka, wakae na wanaotoka kwa miezi mitatu kabla ya kuachiwa. Wala wa miaka 19 asiwasemee wa miaka 12. Hao wawekewe kikao chao, kifupi, chenye michoro na kura za kunyoosha mikono huku wamefumba macho, maana wakitazamana watamfuata mmoja.

Mtoto wa miaka 15 anakubali kushiriki, mzazi anakataa. Nani anasikilizwa? Na kama tunauliza habari za bangi, mzazi lazima ajue? (Muuguzi)

Idhini ya mzazi na ukubali wa mtoto vinahitajika vyote viwili, na “hapana” ya mmoja inatosha. Iko nafasi finyu: miongozo ya kimataifa ya CIOMS (baraza la mashirika ya kimataifa ya sayansi ya tiba) ya 2016, mwongozo wa 17, inaruhusu kamati ya maadili kuondoa sharti la idhini ya mzazi katika tafiti kama za tabia za kujamiiana, dawa za kulevya au ukatili wa nyumbani, ambapo kumwarifu mzazi kunaweza kumweka kijana hatarini. Anayeamua ni kamati, chini ya sheria ya nchi. Timu ya utafiti haijipi ruhusa hiyo yenyewe.

Makosa mengi hutokea kwenye karatasi. Fomu inayopelekwa nyumbani ndani ya mkoba, sehemu kubwa hairudi, na kutorudi si kukataa. Zinazorudi hutoka kwenye nyumba zenye mtu mzima anayesoma na mwenye nafasi, kwa hiyo sampuli inaegemea walio nafuu kabla hamjamuuliza mtu swali. Pelekeni fomu ya pili, pigeni simu, fanyeni mkutano wa jioni. Jina la utafiti nalo lichaguliwe kwa busara. “Utafiti wa Dawa za Kulevya” likiwa juu ya karatasi aliyoshika mtoto barabarani, majirani wamekwisha kuhukumu. Andikeni “Afya na Maisha ya Vijana”, kisha yaliyomo yaelezwe yote ndani bila kuficha. Na msiahidi kwamba hamtamwambia mtu yeyote kamwe. Ahidini siri yenye mpaka: maisha ya mtu yakiwa hatarini tutatafuta msaada, na tutakuambia kwanza.

Tumeambiwa vijana 400 wanatosha. Mtaa hauna orodha ya kaya, na wengi hawaendi shule. Tuwapateje? (Mwanafunzi wa uzamili)

Namba hiyo ina asili yake. Ukitaka kukadiria kiwango kinachodhaniwa kuwa asilimia 50, kwa kosa lisilozidi pointi 5 juu au chini na uhakika wa asilimia 95, kanuni inatoa watu 385, na wengi huikuza namba hiyo kufikia 400. Lakini kanuni inadhani kila kijana amechaguliwa peke yake kutoka mji mzima. Ninyi mtachagua vipande vya mtaa kwanza, kisha vijana ndani yake, na vijana wa kipande kimoja hufanana: wanacheza uwanja mmoja, wanavuta moshi wa barabara moja. Kufanana huko kunapunguza taarifa mnayopata kwa kila mtu wa ziada.

Tuseme mnachukua vijana 25 kwa kila kipande na kiwango cha kufanana ni 0.03 (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa). Zidisheni 24 kwa 0.03, ongezeni 1, mnapata 1.72. Mara 385 ni kama 663. Mkitarajia asilimia 15 watakosekana, gawanyeni kwa 0.85: vijana 780 wa kuwaendea. Mkichukua 15 kwa kila kipande badala ya 25, kizidishio kinashuka hadi 1.42 na mnahitaji 644 tu, ila vipande vinaongezeka kutoka 32 hadi 43, na nauli pamoja navyo. Hapo ndipo mtaalamu wa takwimu na mwenye mtaa wakae meza moja, kwa sababu mmoja anajua hesabu na mwingine anajua vipande gani havifikiki mvua ikinyesha.

Orodha mtaitengeneza wenyewe. Chukueni picha ya setilaiti, igawanyeni kwa barabara na mitaro iwe vipande vinavyokaribiana kwa idadi ya mapaa, pigeni kura ya bahati nasibu, kisha tembeeni kila kipande kilichochaguliwa mkihesabu milango. Paa moja mjini hubeba kaya kadhaa. Vijana wa pale pale ndio wanaojua mlango wa nyuma, chumba cha juu, na duka ambalo usiku ni chumba cha kulala. Mlangoni msiulize “una watoto wangapi?”, maana mfanyakazi wa ndani wa miaka 16 si mtoto wa mtu yeyote hapo. Ulizeni nani waliamkia hapa leo, na kila mmoja ana umri gani. Kisha kura imchague mmoja, na mwandike idadi ya waliostahili. Kijana aliyechaguliwa kati ya watatu anawakilisha watatu, na asipopewa uzito huo katika uchambuzi, nyumba zenye vijana wengi zitapungua sauti.

Asipokuwepo, rudini mara tatu: mara moja jioni baada ya giza, mara moja mwishoni mwa wiki. Msichukue wa jirani badala yake. Anayepatikana saa 4 asubuhi nyumbani ana maisha tofauti na asiyepatikana, na huyo asiyepatikana pengine ndiye mliyemfuata.

Kwa wanaolala nje au wanaojificha, kaya hazisaidii. Mbinu ya mwanasosholojia Douglas Heckathorn ya 1997 huanza na vijana wachache wa aina mbalimbali, kila mmoja akapewa kuponi, kwa kawaida 3, awaalike anaowajua. Siri yake ni kumbukumbu: nani alimleta nani, na kila mmoja anawafahamu wangapi. Bila hizo mbili mmefanya kuulizana marafiki tu, na makadirio hayatoki.

Hojaji yetu imetafsiriwa na mtaalamu, ikarudishwa kwenye lugha ya asili na mtaalamu mwingine, zikalingana. Bado majibu yanatushangaza: vijana wanalala saa 2 kwa siku! (Mratibu wa takwimu)

Hawalali saa 2. Mmeuliza “unalala saa ngapi?”, na swali hilo kwa Kiswahili lina maana mbili, muda wa kwenda kulala na urefu wa usingizi. Wengine wamejibu saa 2 usiku. Tafsiri ya kurudisha haiwezi kulinasa kosa la namna hii, kwa kuwa watafsiri wote wawili walijua mwandishi alikusudia nini. Kijana hajui. Ongezeni mtego wa saa: anayetazama simu yake anasoma 23:00, mwingine anasema saa 5, mdadisi anaandika 5, na kompyuta inaelewa alfajiri. Ulizeni mambo mawili kando, alipoelekea kulala jana na alipoamka leo, na kila jibu liwe na usiku, alfajiri au asubuhi yake. Saa 5 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa 7, pungufu ya saa 8 hadi 10 zinazopendekezwa kwa wenye miaka 13 hadi 18. Na kitenzi chenyewe mkitumie kwa uangalifu: “uliwahi kulala na…” ni swali jingine kabisa.

Maswali ya kukanusha yaondoeni yote. Ukimuuliza mtu “hujavuta sigara wiki hii?”, akijibu “ndiyo” anakubali kwamba hajavuta. Mchambuzi aliyezoea lugha nyingine atamhesabu mvutaji. “Mara kwa mara” na “wakati mwingine” nazo hazina kipimo. Ulizeni siku ngapi katika siku 7 zilizopita, mkizihesabu pamoja kuanzia jana kurudi nyuma, kwa sababu “wiki iliyopita” kwa wengi iliishia Jumapili. Umri: “umetimiza miaka mingapi?”, la sivyo anayeingia 15 atajiita 15. “Ndugu” anaweza kuwa kaka, binamu au mtu wa kwao. “Rafiki” anaweza kuwa mpenzi.

Pagumu zaidi ni maneno ya moyo. “Huzuni” wengi huihusisha na msiba, na kijana asiyefiwa atasema hana. Huyo huyo ukimuuliza kama “ana mawazo”, au kama anafikiri kupita kiasi mpaka usingizi unakata, atakaa chini akueleze. Maneno kama hayo yakusanywe kwa vijana wenyewe kwenye majadiliano ya vikundi, kisha yajaribiwe. Kujaribu ni hivi: kijana mmoja na mdadisi mmoja, swali linasomwa, kijana analirudia kwa maneno yake, anasema alifikiri nini alipokuwa akichagua jibu. Vijana 8 hadi 10 kwa raundi, rekebisheni, raundi nyingine na watu wengine, hadi raundi isiyoleta jipya. Maneno ya mtaani yatumieni kwa kiasi. Yanachakaa upesi, na hojaji ya mwaka wa pili itasikika kama mjomba anayejitahidi. Na kama kipimo ni cha kimataifa chenye alama zake, msibadilishe neno bila kuandika mlichobadilisha na bila kupima upya, maana kiwango cha kukatia alama, yaani alama ambayo kuanzia hapo mtu huhesabiwa ana tatizo, kilipatikana kwa maneno ya awali.

Faragha pia hubadilisha majibu. Katika nyumba ya chumba kimoja, maswali nyeti yasikizwe kwa vipokea sauti na kujibiwa kwa kugusa skrini. Mama aliye hatua mbili hatasikia swali, na kijana hahitaji kusoma vizuri.

Mimi ni mdadisi, nina miaka 19. Nifanye nini mtu akiniambia amewaza kujidhuru?

Swali lako lingepaswa kujibiwa kabla hujapewa hojaji. Dai mpango ulioandikwa. Usiingie mtaani bila huo. Uwe na jina la mtaalamu wa zamu, namba yake, mbadala wake, na salio la kupiga. Namba zijaribiwe usiku na siku ya mapumziko. Mahali pa rufaa pawe pametembelewa na mtu wa timu: panafunguliwa lini, pana malipo gani, panampokea aliye chini ya miaka 18 bila mlezi?

Kipimo cha PHQ-9, yaani hojaji fupi ya dalili za sonona, kwa mfano, kina kipengele cha 9 kinachouliza juu ya mawazo ya kufa au kujidhuru katika wiki 2 zilizopita. Jibu lolote zaidi ya “hapana kabisa” lishughulikiwe siku hiyo hiyo, hata jumla ya alama ikiwa ndogo. Kosa la kawaida ni kompyuta kupokea jibu na binadamu kulisoma baada ya wiki tatu. Skrini iwekwe itoe ishara hojaji inapokwisha, kabla hujainuka. Hapo uliza kwa utulivu: mawazo hayo unayo leo? Una mpango? Una kitu cha kutumia? Umewahi kujaribu? Kuuliza hakumpandikizi mtu wazo hilo. Akiwa na mpango au njia, usimwache peke yake. Piga simu ukiwa naye, na mzazi aarifiwe mkiwa pamoja na kijana, isipokuwa mzazi ndiye hatari. Wewe si mshauri wake. Kazi yako ni kubaki naye mpaka mtaalamu amempokea.

Usihoji unaowajua. Timu zibadilishane vipande, vijana wa upande huu wahoji upande ule. Na kila jioni mradi ukupe mtu wa kuzungumza naye, ndani ya saa unazolipwa.

Tunataka vijana wapige picha za yanayoharibu afya mtaani. Simu wanazo. Tuanze tu? (Mwalimu)

Subirini kidogo. Caroline Wang na Mary Ann Burris, walioianzisha mbinu hii wakiwa na wanawake wa vijijini mkoani Yunnan, China, miaka ya 1990, waliiweka picha kama mlango wa mazungumzo. Maonyesho bila mazungumzo ni mapambo. Vijana 8 hadi 10, wiki sita, picha chache kila wiki. Kila mmoja achague moja au mbili aziongelee: tunaona nini, nini hasa kinatokea, kinahusianaje na maisha yetu, kwa nini kipo, tufanye nini. Sura za watu zisipigwe bila ruhusa, na ruhusa ni tatu: ya mpigaji, ya anayepigwa, na nyingine ya kuionyesha hadharani baadaye. Zimeni kumbukumbu ya mahali kwenye kamera, kwa kuwa faili hubeba majira ya nukta, yaani mahali hasa picha ilipopigwa. Na wasipige picha za wauza dawa, hata kwa mbali. Watajaribu.

Wakazi hawataki mtaa wowote uwe wa “kulinganishwa” usipate huduma. Wafadhili wanasema bila ulinganisho hakuna ushahidi. (Mkurugenzi wa asasi)

Wote wana hoja. Mkiuchukua mtaa wenye hali mbaya kuliko yote na kuupima tena mwaka unaofuata, huenda ukaonekana umepata nafuu hata msipofanya kitu, kwa kuwa kilichochaguliwa kwa ubaya wake wa mwaka mmoja huelekea kurudi karibu na wastani. Njia inayokubalika pande zote ni kuingia kwa zamu: mitaa yote itapata, ila kwa awamu, na zamu zinapangwa kwa kura ya bahati nasibu ya hadharani. Mitaa 8, miwili kila baada ya miezi sita, yote ipimwe kabla ya awamu ya kwanza na baada ya kila awamu. Wanaosubiri ndio ulinganisho. Udhaifu wake ni kwamba vijana hawajui mipaka yenu: wanasoma shule moja na huduma inavuja, na tofauti inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Gaweni kwa shule au kwa uwanja wanaokutania kama mipaka ya mtaa haina maana kwao. Zamu ya mwisho ikifutwa fedha zikipungua, mmevunja ahadi, kwa hiyo fedha zake zitengwe mwanzoni.

Matokeo yanatuaibisha. Je, tuna haki ya kuyazuia? (Mjumbe wa kamati ya mtaa)

Haki ya kuyaona kwanza, ndiyo. Siku 30 kabla ya kuchapishwa zinatosha, zikiandikwa kwenye hati. Haki ya kuandika maelezo yenu kando ya matokeo, ndiyo. Haki ya kuyafuta, tunadhani hapana, kwa sababu kijana aliyejibu kwa siri kwamba anapigwa nyumbani hakujibu ili wakubwa wa mtaa waamue kama asikike. Lakini jina la mtaa linaweza kufichwa, na visanduku vya jedwali vyenye watu wasiofika 5 visichapishwe. “Wasichana 3 wa miaka 13” katika mtaa mdogo wana majina. Tazameni pia mgeuko wa lawama: sentensi “vijana hawafanyi mazoezi” ni kweli na ni nusu, ikiwa uwanja pekee wa kuchezea umejengwa nyumba. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku kwa miaka 5 hadi 17, na ripoti iseme dakika hizo zingepatikana wapi.

Kuhusu majina ya waandishi, majarida mengi ya tiba hufuata masharti manne ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba: kuchangia kazi, kuandika au kuhakiki, kuidhinisha nakala ya mwisho, na kuwajibika kwayo. Vijana hukosa sharti la pili kwa sababu rasimu hutumwa kwa lugha wasiyoisoma, na hilo linatibika kwa kuisoma pamoja kwa sauti na kuandika marekebisho yao. Kabla ya kuweka jina la kijana kwenye makala inayotaja matatizo ya mtaa wake, muulizeni yeye na mzazi wake, na wapeni nafasi ya kutumia jina la kikundi. Makala hubaki kwenye intaneti, na mwenye jina atakuwa akitafuta kazi miaka kumi baadaye.